Bili Yako, Bodi Yako: Umeme wa Nebraska na Wenye Nao

Mhadhara kwa wakazi wa Omaha wanaozungumza Kiswahili

Wazee wetu na mama zetu, shikamooni. Kaka na dada, habari za mchana. Nashukuru mmekuja na vijana, kwa sababu sehemu kubwa ya haya nitakayosema yatakuwa mikononi mwao.

Katika nyumba zetu hapa Omaha, mazungumzo ya umeme huishia kwenye bili. Imekuja kiasi gani, kwa nini imepanda mwezi wa saba, na usipolipa watakata lini. Nataka leo tuende nyuma ya hiyo bili. Shirika linaloileta, Omaha Public Power District, ambalo sote tunaliita OPPD, halina mwenye hisa hata mmoja. Si la tajiri wa New York, si la serikali ya Washington, na gavana wa Nebraska hana mamlaka ya kumteua mkubwa wake. Ni la wakazi wa kaunti 13 za kusini-mashariki mwa jimbo hili. Ukikaa hapa na ukalipa bili hapa, umo katika hao wakazi.

Najua mtu akisikia shirika la umeme la umma, mawazo yanamrudisha kwao. Aliyetoka Kongo anaikumbuka SNEL, aliyetoka Burundi anaikumbuka REGIDESO, aliyetoka Tanzania anaikumbuka TANESCO. Yote hayo ni mashirika ya serikali, na wakubwa wake huteuliwa kutoka juu. Wenzetu wa Kongo mnaujua mfano wake mzito kuliko yote. Bwawa la Inga la kwanza lilianza kazi mwaka 1972, la pili mwaka 1982, na kutoka pale ukavutwa waya wa kilomita zipatazo 1,700 hadi Kolwezi, kwenye migodi ya Katanga. Waya ule ulipita juu ya vijiji vingi ambavyo havikupata hata taa moja. Mwanakijiji aliyeziona nguzo zikisimikwa shambani kwake hakuwa na kikao cha kwenda kuuliza, wala mjumbe wa kumpigia kura au kumnyima. Umeme ulikuwa wa taifa, lakini yeye hakuwa na njia ya kuufikia uamuzi.

Mashirika ninayoyazungumzia leo yanaanzia upande wa pili. Mwenye shirika ni mji wenyewe, au wilaya ya umeme iliyoundwa na wapiga kura, au wanachama wa ushirika. Uamuzi unakaa karibu na mahali waya unapoishia.

Marekani ilianza na haya mapema sana. Mwaka 1880 mji mdogo wa Wabash, katika jimbo la Indiana, uliweka taa za umeme juu ya mahakama yake, na watu wakaja kutoka mbali kuziangalia. Miaka iliyofuata miji mingi midogo ilijijengea mitambo yake, kwa sababu kampuni za biashara zilikwenda kwenye wateja wengi na faida ya haraka, na mji wa watu elfu mbili haukuwa na cha kuzivutia. Halafu zikaja kampuni kubwa zilizonunua kampuni nyingine, nazo zikanunuliwa na nyingine zaidi, hata mtu wa kawaida asijue anamlipa nani. Mitambo mingi ya miji ikauzwa kwao.

Nebraska ilikataa njia hiyo, na hapa lazima nimtaje George Norris. Alikuwa seneta wa jimbo hili kuanzia 1913 hadi 1943, akaishi McCook, mji mdogo wa magharibi ambako upepo hauna pa kuzuiliwa. Norris aliamini kwamba nguvu ya maji ya mito ni mali ya watu wote, na alilipigania hilo kwa miaka mingi. Mswada wake wa kuweka mitambo ya Muscle Shoals, kwenye Mto Tennessee, mikononi mwa umma ulipingwa kwa turufu na Rais Coolidge mwaka 1928, na wa pili ukapingwa na Rais Hoover mwaka 1931. Hakuchoka. Mei 1933 Rais Roosevelt akaweka saini sheria iliyounda TVA, mamlaka ya bonde la Tennessee. Mwaka huohuo bunge la Nebraska likapitisha sheria iliyowaruhusu wananchi kuunda wilaya za umeme kwa kukusanya saini za wapiga kura. Omaha ilichelewa, kwa kuwa hapa palikuwa na kampuni kubwa yenye nguvu. Hatimaye mwaka 1946 OPPD ilichukua mitambo na waya za kampuni hiyo. Leo Nebraska ndiyo jimbo pekee la Marekani ambalo umeme wote unaowafikia wateja unatoka kwa mashirika ya umma na ya ushirika. Hakuna kampuni ya wanahisa inayouza umeme wa nyumbani katika jimbo zima. Mimi naona jambo hilo linastahili kusemwa kwa fahari, na wageni kama sisi tuna haki ya fahari hiyo sawa na wenyeji.

Kivitendo maana yake ni nini? Kwanza, hakuna gawio la kumlipa mwenye hisa. Fedha ya bili inalipa mafuta, mitambo, mafundi, nguzo na madeni, na inayobaki inakaa akiba au inarudi kwenye bei. Pili, shirika linapojenga hukopa kwa kuuza hatifungani, yaani hati za mkopo, ambazo riba yake kwa kawaida haitozwi kodi ya mapato ya taifa, kwa hiyo mkopo unakuwa nafuu. Tatu, badala ya kodi, hutoa asilimia 5 ya mapato ya umeme unaouzwa ndani ya miji, na fedha hiyo husaidia shule na serikali za mitaa. Nne, bei yako haipangwi na tume ya jimbo wala na wakurugenzi wa mbali. Inapangwa na bodi yenye wajumbe 8 mnaowachagua, kila mmoja kutoka eneo lake, kwa kipindi cha miaka 6.

Sasa niende kwenye jambo ambalo watu hawalioni kabisa. Mashirika ya aina hii ni zaidi ya 2,000 Marekani nzima. Yapo makubwa, kama la Los Angeles, lakini mengi ni ya miji midogo yenye wateja elfu chache. Shirika dogo kama hilo lina mafundi wa laini wachache, pengine gari moja la kupandia nguzo, na meneja anayefanya kazi za watu watatu. Dhoruba ikipiga, litafanya nini? Sheria mbaya ikiletwa Washington, nani ataenda kulisemea? Kwa sababu hiyo mwaka 1940 mashirika haya yaliunda chama chao, American Public Power Association. Chama hiki hakimiliki mtambo wala waya. Kinafundisha wafanyakazi na wajumbe wa bodi, kinapima usalama wa kazi, kinatoa ruzuku za utafiti kupitia mpango ulioanza 1980, na kinazungumza na bunge kwa niaba ya miji ambayo peke yake isingesikika. Kwa miaka mingi, mathalani, nafuu za kodi za kujengea umeme wa upepo na jua ziliwafaa wanaolipa kodi tu, na shirika la umma likabaki nje. Chama kililisukuma jambo hilo hadi sheria ya mwaka 2022 ikaruhusu mashirika ya umma kulipwa nafuu hiyo moja kwa moja. Sheria ya 2025 imeipunguza sana nafuu ya upepo na jua, lakini mlango ule ulifunguliwa.

Kazi yake ninayoipenda zaidi ni ile ya kusaidiana. Mnakumbuka Julai 31, 2024. Upepo ule wa jioni uling'oa miti, ukaangusha nguzo, na wateja zaidi ya 200,000 wa OPPD wakakosa umeme, karibu nusu ya wateja wote. Ilikuwa dhoruba mbaya kuliko zote katika historia ya shirika hili. Wengi wenu mlitupa chakula kilichoharibika kwenye friji, na wenye watoto wachanga na wazee wanaotumia mashine za kupumulia mlipata taabu kubwa. Mliona pia magari ya umeme yenye majina msiyoyajua. Wale walikuwa mafundi wa mashirika mengine, wa Nebraska na wa majimbo ya nje. Hawakuja kwa bahati. Mashirika yana mikataba iliyosainiwa kabla ya dhoruba, inayosema nani anaita, nani anakuja, analala wapi, na gharama inarudishwaje. Chama cha taifa na vyama vya majimbo ndivyo vinavyoiunganisha minyororo hiyo, hata fundi wa mji ambao hujawahi kuusikia anapanda nguzo ya mtaa wako.

Upo msaada mwingine usiohusu dhoruba. Katika nchi ya Wanavajo, mojawapo ya makabila ya wenyeji asilia wa Marekani, iliyoenea Arizona, New Mexico na Utah, zipo nyumba zaidi ya 10,000 ambazo hazijawahi kuunganishwa na umeme. Hapa hapa Marekani. Na katika ardhi hiyohiyo, karibu na mji wa Page, kilisimama kwa miongo kadhaa kituo kikubwa cha makaa ya mawe kilichopeleka umeme kwenye miji ya mbali hadi kilipofungwa mwaka 2019. Wenzetu wa Kongo hamhitaji maelezo zaidi. Wanavajo wana shirika lao la umeme tangu 1959, lakini nyumba zimetawanyika, na kuzifikia kunataka nguzo nyingi kwa familia moja. Basi mwaka huohuo wa 2019 shirika lao na chama cha mashirika ya umma wakaanza kazi ya pamoja inayoitwa Light Up Navajo. Miji mbalimbali ilipeleka mafundi na magari, kila kundi kwa muda wake, na katika awamu ya kwanza nyumba 233 ziliunganishwa. Awamu nyingine zimefuata. Kundi moja la nguzo, bibi mmoja anawasha taa kwa mara ya kwanza maishani mwake, halafu mafundi wanahamia kilima kinachofuata. Huo ndio umeme wa umma ninaouelewa.

Lakini sikuja kuusifu tu. Umiliki wa karatasi hautoshi. Angalieni kituo cha North Omaha, kando ya mto. Kwa miaka mingi kimechoma makaa karibu na mitaa inayokaliwa zaidi na watu weusi, na wakazi wa pale wamelalamika juu ya afya ya watoto wao. Mwaka 2014 bodi iliamua kwamba makaa yakome pale ifikapo 2023. Mwaka 2022 bodi ileile, ikiwa na wajumbe wengine, ikasogeza tarehe hadi 2026, kwa kuwa mitambo ya kuchukua nafasi ilichelewa na mahitaji ya umeme yalikuwa yakipanda. Zile sababu zilikuwa za kweli, na hofu ya umeme kukatika si ya kubuni. Hata hivyo mzigo wa kusubiri ulibebwa na mtaa mmoja. Uamuzi wa namna hii hufanywa mbele ya watu, katika vikao vilivyo wazi, na mwenye kuongea pale ni yule aliyefika. Majumba makubwa ya kompyuta, yaani vituo vya data, yanayojengwa pembezoni mwa mji yanafika, kupitia wanasheria wao. Sisi hatufiki, na wengi wetu hata hatujui kuna kikao. Jambo hili linaniuma, nalisema wazi.

Basi tufanye nini? Aliyepata uraia, ajiandikishe kupiga kura, na Novemba asiishie kwenye jina la rais. Chini zaidi kwenye karatasi ya kura kuna majina ya wagombea wa bodi ya OPPD, bila alama ya chama chochote. Wengi huiacha nafasi hiyo tupu, kwa hiyo kura chache za mtaa mmoja zina uzito wake. Asiyekuwa raia hapigi kura, lakini hakuna anayemzuia kuingia kikaoni. Bodi hukutana kila mwezi, sheria ya jimbo inataka milango iwe wazi, na muda wa wananchi kuongea hutengwa. Anayeona Kiingereza kinamkwaza aombe mapema namna ya kusaidiwa, au aje na kijana wa kumtafsiria. Tukienda watu kumi tumekaa pamoja, mjumbe atauliza sisi ni akina nani, na hapo mazungumzo yameanza.

Na mambo ya kuuliza tunayo. Familia iliyofika juzi, isiyo na historia ya mkopo, inatakiwa kuweka amana kiasi gani kabla ya kuwashiwa umeme? Taarifa za dhoruba zinaweza kutumwa kwa Kiswahili? Msaada wa bili kwa wenye kipato kidogo unawafikia wanaouhitaji, au unaishia kwa wenye kujua kujaza fomu? Vijana wetu wanaomaliza sekondari wanaingiaje katika mafunzo ya ufundi wa laini, ambayo hulipwa tangu siku ya kwanza na hayadai digrii ya miaka minne?

Pale mezani pana ramani ya maeneo 8 ya bodi. Kabla hamjaondoka, kila mmoja atafute mtaa wake na aandike jina la mjumbe wake nyuma ya ile karatasi ya ratiba. Sasa nachukua maswali. Tuanze na mama pale mbele, aliyeinua mkono tangu nilipotaja bili ya mwezi wa saba.