Kompaila ya Bure kwa Kompyuta ya Nyumbani: Mhadhara kwa Wanaoanza, Moshi

Wazazi, shikamooni. Vijana, hamjambo.

Nianze na jambo linalowachanganya wengi: pa kuandikia programu si kompaila, yaani chombo kinachogeuza ulichoandika kuwa programu inayoendeshwa. VS Code ni kihariri. Inapaka maneno rangi na kupanga mistari, ila msimbo wa lugha ya C haugeuzwi kuwa programu mpaka kompaila iwepo. Ndiyo maana kijana anasakinisha VS Code, anaandika kazi safi, akitaka kuiendesha anaambiwa gcc, ambayo ndiyo kompaila, haijulikani. Hajakosea kuandika, chombo chenyewe hakipo.

La pili ni Turbo C, kompaila ya zamani. Bado inazunguka kwenye flashi, na naomba leo tuiache. Ni ya miaka ya 1980, ya biti 16. Windows ya biti 64 haiwezi kuiendesha bila kuigiza DOS, mfumo endeshi wa zamani. Ubaya wake mkubwa uko kwenye hesabu. Namba nzima ya aina ya int humo inaishia 32,767. Chukua mauzo ya siku mbili ya muuza ndizi wa soko la Mbuyuni, 20,000 kujumlisha 20,000: Turbo C itakuandikia -25,536. Mwanafunzi atatafuta kosa lake usiku kucha na hatalipata, kwa sababu kanuni yake ni sahihi. Kwenye GCC ya leo int inafika 2,147,483,647.

GCC ndiyo ninayoipendekeza. Ilianzishwa na Richard Stallman, ikatoka mara ya kwanza 1987, na bado inaendelezwa. Ni bure na huru, haidai usajili wala leseni ya kulipia. Clang nayo ni kompaila nzuri na amri zake nyingi zinafanana, lakini anayeanza hahitaji zote mbili. Visual Studio Community ni bure kwa mtu binafsi, ila ikiwekwa na sehemu ya C++ inakula GB kadhaa. Kwa anayenunua bando, hilo peke yake linatosha kuiweka kando.

Kwenye Windows, GCC inakuja kwa vifurushi tofauti. Mimi ningechukua w64devkit, kwa sababu haihitaji kusakinishwa wala intaneti baada ya kuipakua. Kwanza angalia kama Windows yako ni ya biti 64 au 32, uchukue toleo linalolingana. Fungua kifurushi ndani ya folda yenye jina fupi lisilo na nafasi, mfano C:\zana. Endesha w64devkit.exe; kidirisha cheusi kitafunguka. Andika gcc --version. Ikikujibu namba ya toleo, umemaliza. Mmoja akishapakua, wenzake mtaani wanakili kwa flashi, leseni inaruhusu.

Sasa tengeneza folda ya masomo, hifadhi humo msimbo wako kwa jina hesabu.c, ingia humo kwa amri ya cd, kisha andika hivi:

gcc -Wall -Wextra -g hesabu.c -o hesabu

Hiyo -o hesabu ni jina la programu itakayotoka, na -g huweka ndani yake taarifa za kusaidia kutafuta makosa. Halafu ./hesabu kuiendesha.

Hizo -Wall na -Wextra msiziache hata siku moja. Mtu akiandika if (a = 5) badala ya if (a == 5), GCC bila -Wall inanyamaza, na sharti linakuwa kweli daima. Ukiiweka, inakuonya na kukutajia mstari. Kwa anayejifunza bila mwalimu pembeni, maonyo hayo ndiyo mwalimu, kwa hiyo yasomeni yote. Makosa yakiwa kumi, rekebisha la juu kabisa kisha kompaili tena. Mengi ya chini huwa ni uzao wake.

Yanayokwamisha siku za kwanza ni machache. Notepad huhifadhi hesabu.c.txt huku Windows ikificha hiyo .txt, gcc ikadai faili haipo: washa uonekanaji wa viambishi vya majina ya faili. Ukiambiwa Permission denied wakati wa kukompaili, mara nyingi programu ya awali bado inaendeshwa kwenye kidirisha kingine, ifunge. Kizuia virusi nacho kinaweza kufuta faili ya .exe uliyoitengeneza sasa hivi. Kiambie kiiache folda ya masomo tu, si diski nzima. Na umeme wetu mnaujua: Ctrl+S kabla ya kila kukompaili. Gcc husoma kilichohifadhiwa, si kilichoko kwenye skrini.

Mzee wa nyuma ameuliza kuhusu kompyuta ya zamani yenye RAM ya GB 2. Inatosha kabisa, mzee. Muwekee kijana Linux nyepesi ya jamii ya Debian, kisha sudo apt install build-essential. Gcc na make zitakuja pamoja. Tofauti atakayokutana nayo mapema ni kwamba akitumia sqrt (kipeo cha pili) na wenzake wa math.h, yaani kazi za hesabu zilizo tayari, aongeze -lm mwishoni mwa amri, baada ya jina la faili.