Kulungu wa Mitobe

Wazee wangu shikamooni, na wengine nyote habari za jioni.

Tarehe 11 Machi 2011, saa 8:46 mchana, ardhi ilitetemeka kaskazini-mashariki mwa Japani kwa kipimo cha 9.0. Haikupita saa moja, bahari ikaingia vijijini katika pwani ya Sanriku. Waliokufa na wasioonekana mpaka leo wanazidi 18,000. Hayo mliyasikia. Mimi nataka kuwapeleka Mitobe, kijiji cha wavuvi katika mji wa Minamisanriku.

Wana ngoma yao, shishi-odori, ngoma ya kulungu. Kiswahili chetu hakitenganishi ngoma ya kupigwa na ngoma ya kuchezwa, na kule pia hazitengani: mchezaji amevaa kichwa chenye pembe, ngoma ameifunga kiunoni, anaipiga huku anacheza. Mgongoni zimesimama fito mbili ndefu za mwanzi zilizovikwa karatasi nyeupe. Akiinama, ncha zake zinagusa ardhi mbele yake.

Ngoma hiyo iliwahi kupotea kabisa. Kilichoirudisha ni jiwe la mwaka 1724, lenye maandishi kwamba inachezwa kuvituliza viumbe vyote. Viumbe vyote, jamani, si wanadamu peke yao! Wanakijiji wakajifunza upya, wakawafundisha watoto.

Kisha tsunami ikaizoa Mitobe. Katika vifusi wakaokota ngoma na vichwa vya kulungu, wakavisafisha, wakacheza tena.

Nimeulizwa mara nyingi: mtu hana nyumba, ngoma ya nini? Lakini sisi wenyewe tunapika arobaini hata mwaka wa njaa. Wabudha wa Japani wana siku ya 49, halafu ya 100, na marehemu asiyesomewa anawauma walio hai. Tena ngoma hii kwa kawaida huchezwa na watu wanane. Ukiwaita, unajua nani hayupo, na lazima mtu asimame pale alipokuwa akisimama yeye. Naamini faraja inaanzia hapo, kabla hata fimbo haijagusa ngozi.

Juu zaidi kaskazini, Kamaishi, wanacheza toramai, ngoma ya chui milia. Husemwa kwamba mnyama huyo huenda ri elfu moja (ri ni kipimo cha umbali cha Kijapani) na kurudi ri elfu moja kwa siku. Wavuvi wanaicheza kumwombea aliyekwenda baharini arudi nyumbani. Baada ya 2011 waliendelea kuicheza, wameielekea bahari ileile.