Mji wa Mto Hutembewa kwa Kufuata Mto

Asanteni, asanteni sana. Mliokaa nyuma sogeeni mbele, viti vipo, maana sauti yangu leo imekauka.

Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema jambo hili, na nitalisema tena. Kila mwaka vinatoka vikaratasi vipya vya kuwaongoza wanaotembea kwa miguu Verona, mji wa Italia, na kila mwaka kosa ni lilelile. Njia inaanzia Arena, ule uwanja wa michezo wa Warumi, inapita barabara ya maduka, inaingia ua wa nyumba ya Juliet, yule wa Romeo na Juliet wa Shakespeare, inatokea Piazza delle Erbe, uwanja wa soko, imekwisha. Mtu ametembea saa mbili nzima ndani ya mji uliozungukwa na maji pande tatu, na hakuyaona maji! Adige ni mto wa kilomita 410, wa pili kwa urefu Italia, unatoka milima ya Alpi mpaka bahari ya Adriatiki, na pale Verona unajipinda kama nyoka aliyeshtuliwa. Warumi walijenga ndani ya pindo hilo kwa sababu ya mto. Kila kitu kilichofuata, soko, madaraja, makanisa, kilifuata kwa sababu ya mto. Sasa unawezaje kuusimulia mji ukauacha mto?

Nitawapa kisa. Mnaokijua nivumilieni.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na kundi la watu kumi na mmoja. Kati yao alikuwamo mzee mmoja aliyekuja kumtembelea binti yake, mtu wa Pangani, amekulia penye kivuko. Tangu asubuhi hakusema neno. Tukafika mtaa wa Sottoriva, ule wenye baraza ndefu za matao, na mimi nikaanza kueleza habari za matao. Mzee akanikatiza. "Mwanangu, mtaa huu jina lake maana yake nini?" Nikamwambia: "Chini ya ukingo, mzee." Akageuka kulia, nyumba. Akageuka kushoto, nyumba. "Ukingo wa nini?"

Kabla sijajibu akaingia kichochoro, hatua chache tu, nasi tukamfuata. Akatokea kwenye barabara ya magari, akavuka, akakuta ukuta. Akauegemea, akachungulia. Mto ule pale, chini kabisa, wa kijani, unakimbia kama una hasira. Akautazama muda mrefu. Kisha akasema, "Kumbe wameufungia nje."

Nilikuwa nimeongoza watu mtaa ule mara sijui ngapi, na sikuwahi kulisema neno hilo. Mzee wa Pangani aliliona kwa dakika moja, kwa sababu alikuwa akiutafuta mto.

Basi nani aliufungia nje, na kwa nini? Septemba 1882. Mvua zilinyesha milimani, Adige ukapanda, ukaingia mjini. Siyo maji ya kulowesha nyayo. Nyumba zilianguka. Vinu vya kusagia nafaka, ambavyo vilikuwa vikielea mtoni vimefungwa kwa minyororo, viling'oka vikaenda na maji. Mpaka leo ukitembea mitaa ya chini utaona alama kwenye baadhi ya kuta: mstari, na mwaka 1882, juu ya kichwa cha mtu mzima. Mji ukaapa hautapatwa tena. Kabla karne ile haijaisha zilikuwa zimejengwa kuta kubwa zinazoitwa muraglioni, pande zote mbili za mto. Nyumba zilizokuwa zimesimama na miguu yake ndani ya maji zikabomolewa. Ngazi za kuteremkia mtoni zikaenda, magati yakaenda, wafua nguo wakaenda, vinu vikaenda. Juu ya kingo ikapitishwa barabara, Lungadige, ndiyo ile ya magari aliyoivuka mzee.

Na hawakuishia hapo. Ng'ambo ya pili palikuwa na mkono wa mto, Acqua Morta, Maji Mafu, na kati ya mkono huo na mto wenyewe palikuwa na kisiwa. Mkono ukafukiwa. Leo ni barabara, na jina lake ni Interrato dell'Acqua Morta, yaani mahali Maji Mafu yalipofukiwa. Mwisho wake kuna uwanja unaitwa Piazza Isolo: isolo, kisiwa kidogo. Unasimama kwenye kisiwa na hakuna tone la maji. Majina ya mitaa yanapiga kelele, ndugu zangu! Mji umewawekea historia yote kwenye vibao vya mitaa, na njia zetu za kutembea zinapita mbali.

Najua kuna mtu hapa anasema moyoni, "Lakini bwana, ukuta uliokoa watu. Unataka ubomolewe?" Nimeulizwa hivyo mara nyingi, hata ofisini mwa watu, na safari moja nilifungiwa faili kabla sijamaliza sentensi. Sitaki ubomolewe. Aliyeona picha za 1882 hawezi kutaka hivyo. Isitoshe, tangu 1959 kuna handaki la kama kilomita 10, kutoka Mori mpaka Torbole, linalopeleka maji ya ziada ya Adige kwenye ziwa Garda kabla hayajafika Verona. Watu wale wanajua kuishi na mto wao. Ninachodai ni kwamba mtembezi ajue anatembea kando ya ukuta, na ukuta huo ni wa nini. Apitishwe Sottoriva, aingizwe kichochoroni, aegemee ukuta, achungulie. Haligharimu senti.

Mwingine anasema, "Watu wanakuja kwa ajili ya Juliet, si kwa ajili ya mto." Wanakuja kwa Juliet kwa sababu ndiye aliyewekwa kwenye karatasi. Kile kibaraza wanachopanga foleni kukipiga picha kiliwekwa kwenye nyumba ile katika karne ya 20, kwa mawe ya zamani yaliyokusanywa. Sina ugomvi na anayekipenda. Lakini umbali mfupi kutoka hapo kuna Ponte Pietra, daraja la mawe, na hapo ndipo ninapotaka mpeleke wageni wenu.

Ponte Pietra lina matao matano. Mawili ya upande wa kushoto wa mto, ya mawe makubwa meupe, ni ya Warumi. La upande wa kulia, penye mnara, lilijengwa upya mwaka 1298 na Alberto della Scala, mtawala wa Verona. Yaliyo katikati yalijengwa upya karne ya 16, kwa matofali. Yaani mto ulilibomoa, watu wakalijenga, mto ukalibomoa, wakalijenga. Ukilitazama kwa ubavu unaona rangi zinabadilika. Kisha usiku wa kuamkia tarehe 25 Aprili 1945, majeshi ya Ujerumani yakirudi nyuma yalilipua madaraja ya mji, na matao manne ya Ponte Pietra yakaanguka majini.

Wangeweza kujenga daraja jipya la zege, na wangekuwa wamevuka mapema zaidi. Badala yake msimamizi wa majengo ya kale, Piero Gazzola, akaamua mawe yatolewe mtoni. Yakatolewa. Yakatandazwa, yakalinganishwa na picha za zamani, kila jiwe likatafutiwa mahali pake. Ujenzi ulianza 1957, na 1959 daraja lilikuwa limesimama tena. Gazzola huyohuyo mwaka 1965 akawa rais wa kwanza wa ICOMOS, shirika la kimataifa la kuhifadhi majengo na maeneo ya kale. Mimi kila nikipita pale naweka kiganja juu ya ukuta wa daraja. Mawe yale yalilala chini ya maji miaka kumi na zaidi. Niambieni, kuna kibaraza gani cha kushindana na hilo?

Mwenyekiti ananionyesha saa. Dakika kumi? Tano. Haya, basi Pavia na Mantova, miji mingine ya mto, nayaacha, na nilikuwa na mengi ya Pavia, lile daraja lake lenye paa.

Haraka haraka. San Fermo, kanisa juu ya kanisa, karibu kabisa na mto: masalia ya watakatifu yalihamishwa kutoka kanisa la chini kwenda la juu kwa kuogopa mafuriko. Mpitie. Chini zaidi, mtaa wa Filippini, kuna Dogana ya mtoni, ya mwaka 1792. Dogana ni forodha, na neno lenyewe limetoka kwenye diwani ya Waarabu. Watu wa Unguja mliocheza Forodhani utotoni, simameni pale dakika mbili, mtaelewa bila mimi kueleza. Mtaa wa Veronetta, ng'ambo ya mto: huko ndiko kwenye nyumba mama ya Wakomboni, wamisionari Wakatoliki. Daniele Comboni alianzisha shirika lake Verona mwaka 1867 kwa ajili ya Sudan, na wafuasi wake walifika kaskazini mwa Uganda mwaka 1910. Ndugu zetu wa Gulu, njia ile ina habari zenu pia.

La mwisho, na hili silikati hata nikizimiwa kipaza sauti. Mlinzi wa Verona ni Mtakatifu Zeno, askofu wa karne ya 4, na mapokeo yanasema alitoka Afrika ya kaskazini. Ndani ya basilika yake kuna sanamu ameketi, uso mweusi, anacheka, na kwenye fimbo yake ya uaskofu ananing'inia samaki. Wenyeji wanasema alikuwa akivua mwenyewe kwenye Adige, na katika kanisa dogo karibu na Castelvecchio, ngome ya kale, wanalitunza jiwe alilokuwa akikalia. Papa Gregori Mkuu naye anasimulia kwamba katika mafuriko ya mwaka 589 maji yalifika mpaka madirishani mwa kanisa la Zeno, na mlango u wazi, lakini hayakuingia. Yalisimama mlangoni kama ukuta. Karne kumi na tatu kabla ya muraglioni!

Nimemaliza, mwenyekiti. Kesho saa mbili asubuhi, mbele ya kanisa la San Giorgio, upande wa mtoni. Vaeni viatu visivyoteleza, kando ya maji kuna umande. Tutateremka mpaka Ponte Pietra, na sitasema neno mpaka kila mmoja awe ameyahesabu matao na kunionyesha kwa kidole yale ya Warumi.