Bei ya Kufungua: Kukadiria Kazi ya Gari la Kivita la Minyororo

Ndugu mafundi, nanyi wenye magari mliokubali kuketi nasi, habari za asubuhi.

Swali ninaloulizwa zaidi huja kwa simu: "Fundi, nina gari la minyororo la Vita Kuu ya Pili, linavuta upande. Utanitengenezea kwa kiasi gani?" Jibu langu ni kwamba sijui. Na fundi anayejua kabla hajashika spana, mwogopeni. Nilicho nacho mimi wakati huo ni bei ya kufungua tu. Bei ya kutengeneza huja baadaye, kwenye karatasi nyingine.

Nilijifunza kwa hasara. Aliniletea mtu Universal Carrier, kile kigari cha Kiingereza chenye injini ya Ford V8 katikati ya bodi. Wanaokijua wanakumbuka usukani wake: ukiuzungusha kidogo, bomba linalopita toka ubavu hadi ubavu husogea na kuupinda mnyororo, gari likakata kona pole pole, ukiuzungusha zaidi, breki hushika mnyororo wa upande mmoja. Sasa gari likivuta upande, mkosaji ni nani, breki au bomba? Mimi nikasema breki. Nikaandika saa 16 za kazi, nikapeana mkono na mwenyewe.

Bolti nne za kwanza zilikatika vichwa. Kutoboa kila moja na kutengeneza upya nyuzi za tundu ni kazi ya nusu siku. Ndani nikakuta sili inavuja, bitana za breki zimelowa oili. Na nilipomaliza hayo yote gari likaendelea kuvuta, maana bomba nalo lilikuwa limeganda kwa kutu. Nilifanya saa 61, nikalipwa 16. Mwenye gari hakunidhulumu, alilipa tulichokubaliana.

Tangu siku hiyo najaribu bolti tatu mbele ya mwenye gari, na nazichagua zile mbaya. Zikifunguka zote, natoa bei ya mkupuo ya kufungua. Ikigoma hata moja, tunahesabu kwa saa, tunaweka kikomo, na saa zikifika hapo naweka spana chini nampigia simu. Naangalia pia pembe za nati. Magari ya Kiingereza ya zama zile yana nati za Whitworth na BSF, yaani vipimo vya Kiingereza vya inchi, na waliotangulia walizilazimisha kwa spana za milimita mpaka zikawa mviringo. Nati ya mviringo ni saa za ziada, iandikeni.

Sasa minyororo, na hapa ndipo wateja wengi hunung'unika. Chukueni mnyororo wa pini kavu, yaani pini isiyo na mpira wala grisi, wenye viungo 100. Kila kiungo, pini na tundu vikichangia mlegeo wa milimita moja tu, kitu ambacho jicho halikioni, mnyororo mzima umerefuka sentimita 10. Mteja anasema: "Toa kiungo kimoja ukaze." Sawa, utakaza. Lakini nafasi kati ya kiungo na kiungo imeshabadilika, haiendani tena na meno ya gurudumu linalouvuta, na meno yanazidi kuliwa. Ukimfungia mnyororo mpya juu ya meno yaliyochongoka, nao utaliwa mapema. Kwa hiyo mimi mnyororo na magurudumu ya meno naviweka kwenye bei moja. Asiyetaka vyote viwili, simfungii kimoja kisha nimpe dhamana. (Pini mpya kwenye tundu lililokwisha kuwa yai ni hadithi hiyo hiyo.)

Spea sitazisemea sana. Mteja akitafuta mwenyewe, muda wa kuzipima na kuzirekebisha ni wako na unalipiwa.

Injini: kabla ya bei, ulizeni nani aliiwasha mara ya mwisho, na kwa namna gani. Sherman, vile vifaru vya Kimarekani, zenye injini ya Continental R975 zina silinda tisa zilizopangwa kama miale ya jua. Gari likikaa, oili hutiririka hadi silinda za chini, hupenya pistoni na kujaa upande wa kichwa cha silinda, nayo oili haishindiliki. Lazima uizungushe kwa mkono kwanza. Aliyebonyeza stata moja kwa moja huenda ameshapinda fimbo ya pistoni, na injini bado ikanguruma vizuri siku ya kuuziana. Neno "iliwaka mwaka jana" halinipunguzii bei hata kidogo.

Msisahau saa za kazi ambazo hazionekani. Mita nyingi za dashibodi za wakati wa vita zilipakwa rangi ya radiamu, madini yenye mionzi hatari, ili zionekane gizani. Rangi imeacha kung'aa, lakini radiamu bado ipo. Msizifungue wala kuzikwangua. Bitana za breki za zamani nazo huenda zina asbesto, ambayo vumbi lake huharibu mapafu, msizipulize kwa upepo wa kompresa. Kufanya kazi hiyo kwa usalama kunakula muda, na muda huo umo kwenye bei.

Mwisho ni majaribio. Baada ya mwendo wa kwanza mnyororo hukaa sawasawa, hulegea, na inabidi ukazwe tena. Saa hizo nazo ziko kwenye karatasi ya pili.

Naona mzee pale nyuma ameinua mkono tangu niliposema habari ya dhamana. Karibu, mzee wangu.