Kusokota Uzi wa Pamba na Kuutia Rangi Nyumbani

Karibuni, watazamaji wangu. Niko uani hapa Dodoma, na leo tunatoka kwenye pamba yenye mbegu hadi uzi wenye rangi, tayari kwa kufuma sweta. Kondoo wetu wa huku wana nywele fupi, hawana sufu ya kusokota. Sufi ile ya kujazia mito ya kulalia nayo inateleza mno, haishikani. Pamba ndiyo yetu. Ukiwa na ndugu Shinyanga au Simiyu, mwambie akuletee mfuko mdogo.

Toa mbegu kwa vidole na uondoe vijani vikavu vyote. Tandaza pamba nyembamba mezani, izungushie penseli, kisha chomoa penseli. Kibomba hiki laini ndicho tunachosokota.

Kifaa chetu ni spoku ya baiskeli. Kichwa chake kimeshapinda, kipinde zaidi kidogo kwa koleo kiwe ndoano. Ncha ya pili isugue kwenye jiwe iwe laini. Juu yake kidogo pachika kipande cha kibuyu cha mviringo, upana kama sentimita 4, ukaze kwa gundi. Tundu liwe katikati kabisa, la sivyo spoku itayumba na uzi utakatika kila mara. Ncha tunaikalisha kwenye kisosi. Nyuzi za pamba ni fupi, zikibeba uzito wa kifaa kinachoning'inia kabla hazijakaza, zinaachana.

Sasa angalia mkono wangu wa kushoto. Nimeshika kibomba kana kwamba sijakishika. Ukikibana tu, hakuna kinachotoka. Mkono wa kulia unazungusha spoku kufuata mshale wa saa. Msokoto unapanda, ndipo mkono wa kushoto unarudi nyuma taratibu, na uzi unajitengeneza wenyewe. Pakiwa na bonge, usilikate: vuta kidogo pande zote mbili, litanyooka. Uzi ukikatika, tawanya ncha zote mbili, zilaze pamoja kidogo, zungusha tena. Usiwe na haraka hapa. Vidole vinajifunza vyenyewe.

Ukijaza spoku mbili, unganisha nyuzi hizo mbili na uzisokote pamoja kinyume na mshale wa saa. Hatua hii usiiruke. Uzi mmoja uliokaza sana unafanya kitambaa kwenda upande ukishafuma. Kisha zungushia uzi mgongo wa kiti, funga shada sehemu nne, vifundo vilegee ili rangi ipite.

Tunafika kwenye kazi yenyewe. Watu wengi wanalaumu rangi kwamba inatoka, wakati uzi haukusafishwa. Pamba ina nta yake, na nta inazuia maji. Kwanza, kwa gramu 100 za uzi, chemsha kwa saa mbili kwenye maji mengi, sabuni ya mche iliyokunwa na kijiko cha chai cha magadi. Sufuria iwe ya stenlesi, kwa sababu magadi yanaila ile ya kawaida ya alumini. Maji yatageuka kahawia. Suuza, kausha, halafu weka uzi juu ya maji safi: ukizama upesi, uko tayari, ukielea, rudia.

Pili, loweka uzi usiku kucha kwenye chai ya rangi, iliyopikwa kwa gramu 50 za majani na kuchujwa. Tatu, yeyusha gramu 15 za shabu (alum, yale madini meupe kama chumvi ya mawe) kwenye maji ya moto, tumbukiza uzi, uache hadi kesho yake. Chai inashika pamba, shabu inashika chai, na rangi inashika shabu. Vyombo hivi visirudi jikoni kupikia chakula.

Rangi ni maganda makavu ya vitunguu, gramu 100. Vitunguu vyekundu vya Singida vinajaa hapa, na wauzaji wa soko la Majengo wanayatupa maganda, waombe tu. Chemsha saa moja, chuja, tia uzi uliolowana, uweke kwenye moto mdogo saa nyingine, maji yasitokote. Uache upoe humohumo hadi asubuhi. Utapata dhahabu inayoelekea kahawia. Manjano ya jikoni yanapendeza zaidi siku ya kwanza, lakini jua letu linayamaliza upesi, siyashauri kwa sweta.

Kama maji ya kisima chako yana chumvi, tumia ya mvua kwa rangi.

Suuza mpaka maji yawe meupe, anika kivulini. Kata kipande kidogo cha uzi, ufunike nusu kwa jiwe juani wiki nzima, ulinganishe. Halafu chukua sindano za milimita 4, fuma mraba wa sentimita 10, uufue, ukauke, ndipo uupime na kuhesabu vitanzi vya sweta yako.