Gari Limekosa Nguvu Baada ya Kulifanyia Sevisi Nyumbani: Tuanze Kutafuta Wapi?

Karibuni, ndugu watazamaji. Gari lililo mbele ya kamera ni Toyota Premio lenye injini ya 1ZZ-FE ya lita 1.8, na mwenye gari ni jirani yangu hapa Makindye, Kampala, ambaye Jumamosi iliyopita alibadilisha oili, plagi na kichungi cha hewa kwa mikono yake mwenyewe. Tangu siku hiyo gari linatetemeka likisimama kwenye foleni, na likianza kupanda kilima cha Muyenga linavuta kana kwamba limepakia mawe. Amekwisha kushauriwa aende kwenye soko la vipuri la Kisekka akanunue pampu ya petroli na sensa ya oksijeni, nami nimemwomba asinunue kitu chochote kwanza. Injini iliyokuwa nzima Ijumaa ikaanza kusumbua Jumamosi jioni, mara nyingi ugonjwa wake uko palepale mkono ulipopita. Kwa hiyo chukua karatasi, uandike kila ulichokigusa, pamoja na vile vitu ulivyovisogeza tu ili upate nafasi ya kupitisha spana.

Tuanze na oili, maana haichukui muda. Gari liwe mahali tambarare, injini iwe imezimwa kwa dakika kadhaa, kisha chomoa kijiti cha kupimia, kifute, kirudishe hadi mwisho na ukichomoe tena. Oili inatakiwa iwe kati ya alama mbili. Injini ya 1NZ-FE ya lita 1.5, ambayo imo katika magari mengi sana ya hapa mjini, huchukua lita 3.7 pamoja na kichungi kipya, lakini watu hununua dumu la lita 4 na kulimimina lote kwa kuona haya kubakiza kidogo. Oili ikizidi sana, huweza kuvutwa kupitia mpira wa kupumulia hadi kwenye njia ya hewa, na hapo ndipo moshi wa bluu na plagi chafu huanza. La jirani yangu liko sawa, tuendelee.

Sasa chomeka kifaa cha kusoma kodi, yaani namba za hitilafu ambazo kompyuta ya injini imehifadhi, kwenye soketi iliyo chini ya dashibodi, upande wa dereva. Andika kodi zote kabla ya kuzifuta, kwa sababu ukizifuta mapema umefuta ushahidi. Hapa tumepata P0171, maana yake kompyuta ya injini inaona hewa imezidi kiasi kinachofaa kwa petroli iliyopo. Kama ungeona P0300, injini inakosa kuwasha katika silinda zaidi ya moja bila mpangilio, na P0301 hadi P0304 hutaja silinda yenyewe kwa namba yake. Taa ya injini ikiwa inawaka na kuzima mfululizo unapokanyaga mafuta, usiendelee kuendesha, kwa maana petroli isiyoungua inaingia kwenye ekzosi na inaweza kuiharibu kataliti, kile kifaa cha kusafisha moshi.

Kodi ya P0171 inatuelekeza kwenye njia ya hewa, na hapa naomba mtazame kwa makini. Hewa huingia kwenye boksi la kichungi, hupita kwenye sensa inayoipima, kisha husafiri ndani ya bomba hili la mpira hadi mdomo wa injini. Hewa yoyote inayojipenyeza baada ya sensa haikupimwa, kompyuta haiijui, na petroli inayotolewa haiitoshelezi. Kwanza hakikisha plagi ya umeme ya sensa imebana, kisha kagua boksi: klipu zote zimefunga, na ukingo wa kichungi umekaa ndani ya mfereji wake bila kujikunja. Tunaoishi karibu na barabara za murramu tuwe wakali zaidi hapa, kwa sababu vumbi jekundu linalopita pembeni mwa kichungi husaga silinda na kuchafua ule uzi mwembamba wa sensa.

Sogeza kamera hapa. Bomba limekaa kwenye mdomo wa injini, na ukilitazama kwa juu linaonekana limeingia lote, klampu nayo imekazwa. Lakini nikipitisha kidole kwa chini, napata ufa unaotosha ukucha. Mpira ulikunjwa wakati wa kurudishwa, klampu ikakazwa juu ya mkunjo. Injini ikinguruma taratibu ufa ni mdogo. Ukianza kupanda mlima, injini inayumba kwenye vishikizo vyake vya mpira, bomba linavutwa na ufa unapanuka, ndiyo maana gari lilidhoofika zaidi kule Muyenga. Legeza klampu, chomoa bomba, lifute, lisukume kwa kulizungusha kidogo hadi liguse mwisho, halafu ukaze. Kagua pia mipira midogo yote iliyounganishwa na bomba hili. Ukiona ufa mahali popote, badilisha mpira. Gundi na mifuko ya plastiki havidumu kwenye joto.

Kama njia ya hewa ni safi na kodi inataja silinda, nenda kwenye koili, zile zinazopeleka umeme kwenye plagi. Injini ikiwa imezimwa, hamisha koili ya silinda ya 2 uiweke kwenye ya 3, washa, usome tena. Kodi ikihama kutoka P0302 kwenda P0303, koili ni mbovu. Isipohama, chomoa plagi injini ikiwa imepoa na uitazame ile sehemu nyeupe: mstari mweusi mwembamba au ufa unaonyesha umeme unatorokea pembeni, na mara nyingi chanzo ni plagi kuanguka sakafuni au soketi kuinamishwa wakati wa kukaza. Plagi mpya izungushwe kwa vidole hadi ikae, ndipo ikazwe kwa spana takribani nusu mzunguko. Ukilazimisha, utaharibu nyuzi za alumini za tundu la plagi, na gharama yake ni kubwa.

Iwapo ulichomoa betri, injini inaweza kunguruma bila utulivu kwa muda kwa kuwa kompyuta imesahau ilichojifunza. Iache iwake bila kukanyaga mafuta hadi ipate joto lake la kawaida, kisha iendeshe kidogo kabla ya kuihukumu.

Sasa tunafuta kodi, tunawasha kiyoyozi ili injini ipate mzigo, na tunapanda Muyenga kwa gea ileile iliyokuwa ikilishinda gari. Mnasikia wenyewe: halitetemeki. Tukifika juu nitachomeka kifaa tena, na kesho asubuhi, injini ikiwa baridi, nitasoma kwa mara ya mwisho kabla sijamrudishia jirani funguo.