Taya Likisogea, Pua Hufuata

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Asanteni kwa kuja na joto hili la Machi. Naona feni za ukumbi zimechoka kabla yangu, basi sitawaweka sana.

Nianze na mama mmoja. Binti yake tulimpasua taya la juu. Meno yake ya juu yalikuwa yakikaa nyuma ya yale ya chini, hata sambusa alikuwa akiichana kwa magego. Wiki ya sita meno yanakutana, nami najipongeza. Mama akamshika mwanawe kidevu, akamgeuza huku na huku, akaniuliza: “Daktari, meno tumeyaona. Na hii pua ni ya nani?”

Sikuwa na jibu. Habari ya pua nilikuwa nimeitaja mara moja tu, katikati ya karatasi ya idhini, pale ambapo hakuna anayesoma. Kosa ni langu.

Basi tuone pua hubadilikaje. Mkato huu wa taya la juu huitwa Le Fort wa kwanza, kwa jina la René Le Fort, daktari Mfaransa aliyechapisha mwaka 1901 uchunguzi wake wa namna mifupa ya uso inavyovunjika. Alivipiga vichwa vya maiti akafuata nyufa. Sisi tunaufuata ule ufa wa chini kwa makusudi: tunafungua ndani ya mdomo, juu ya ufizi, tunakata mfupa juu ya mizizi ya meno hadi kwenye ukingo wa tundu za pua, tunalisogeza taya, kisha tunalifunga kwa vibamba vya titani na skurubu.

Mmeona turubai la harusi likisimamishwa mtaani? Sogeza nguzo ya mbele hatua moja. Turubai hakuna aliyeligusa, lakini limevutika lote. Pua ni hivyo. Taya likienda mbele au likipandishwa, mabawa ya pua hutanuka na ncha huinuka kidogo. Likishushwa, ncha nayo huelekea chini. Tena misuli inayoyashika mabawa yale tumeibandua mfupani ili tufike kazini. Tukifunga ufizi bila kuirudisha, kila upande unajiendea zake.

Ni milimita chache tu, lakini milimita mbili za pua si kama milimita mbili za goti.

Si kila mara ni hasara. Mwenye pua nyembamba, iliyoinama mbele, huenda akatoka amependeza zaidi. Aliye na pua pana tangu hapo ndiye wa kuzungumza naye sana. Vitabu vya zamani vinasema upana wa pua ulingane na nafasi iliyo kati ya macho mawili. Kipimo hicho kilitokana na nyuso za Ulaya. Hapa Mombasa, katika foleni moja ya feri ya Likoni utakuta pua za namna ishirini, zote nzuri, na nyingi hazikijui kipimo hicho. Mimi humwambia mgonjwa aniletee picha zake za zamani. Pua yake mwenyewe ndiyo kipimo.

Tunafanya nini basi? Kuna mshono wa kukaza. Uzi usioyeyuka upesi unashika nyama chini ya bawa la kulia, unashika ya kushoto, kisha unavutwa kama kamba ya kiuno cha suruali ya kulalia. Ukilegea, haufai kitu. Ukikazwa mno, pua inabanwa na mdomo wa juu unaharibika sura. Na hapo kuna tatizo moja: mpira wa kupumulia umepita puani, kwa kuwa mdomo tunauhitaji sisi kupima meno yanavyokutana. Tunaishona pua iliyotanuliwa na mpira! Uzi wenyewe pia haushiki kwa kila mtu. Wengine mabawa hurudi kutanuka kiasi.

Kile kijiti cha mfupa kilicho chini ya pua twaweza kukipunguza, ncha isisukumwe sana. Taya likipandishwa, lazima gegedu linalogawa tundu mbili likatwe kidogo, la sivyo litajikunja, pua ipinde na pumzi izibe. Hapo sibahatishi kamwe.

Baada ya hapo ni subira. Uvimbe wa pua huchelewa kuisha. Umbo lenyewe hutulia kati ya miezi sita na mwaka. Anayetaka kurekebishwa pua kwa upasuaji wa pili asije kabla ya hapo, maana tutakuwa tunachonga uvimbe.

Ndiyo, bi, nimekuona. Kipini? Kinatolewa kabla ya upasuaji, na usikirudishe mpaka nikuruhusu. Na wiki za mwanzo usipenge kamasi. Ukipiga chafya, fungua mdomo. Sijida nayo iwache kwanza, kuinama kunaongeza uvimbe. Mgonjwa ana ruhusa ya kusali kwa kuketi.

Yule binti alirudi baada ya mwaka. Uvimbe umeisha, ncha imebaki juu kidogo. Nikamweleza upasuaji wa pili. Akajitazama kwenye kioo cha simu, akasema ameshaizoea. Mama bado. Kila akija hunisalimu kwa adabu zote, kisha huitazama ile pua, kisha hunitazama mimi.